Shajara: kutoka kwenye mikisa mpaka kusimamia zamu ya usiku bekari (Januari–Juni 2024)

Naiandika hii kwa ajili ya yeyote ambaye kazini kwake ameambiwa "kuanzia Jumatatu wewe ndo supavaiza", akapewa ufunguo wa stoo na daftari la mahudhurio, basi, hakuna semina hakuna nini. Nitaongeza kila hatua ikikamilika. Yale yanayokwenda vizuri nitayapitia haraka, yaliyokwama ndo nitakaa nayo, maana huko ndo kuna kitu cha kunakili.

8 Januari 2024: hali ya kuanzia

Bekari yetu ya saizi ya kati, ipo Dar, inatoa mkate wa slesi wa gramu 500 na skonzi. Zamu ya usiku inaingia saa 2 usiku, inatoka saa 11 alfajiri, lisaa limoja la kupumzika. Tupo 11: mikisa, yaani mashine ya kukandia unga, wawili (mimi na dogo mmoja msaidizi), mezani watatu wa kukata, kupima na kutia kwenye makopo, oveni wawili, slesi na kupaki wanne. Kila usiku bechi 8, na bechi moja ni mfuko mmoja wa unga wa kilo 50, ambao kwa mkate unatoa kama mikate 145 hivi.

Mimi ni mtu wa mikisa, nimekuwa hapo miaka. Supavaiza wa zamani kahamia mkoani, bosi kaniita kaniambia nichukue zamu, nyongeza ya mshahara laki moja na ishirini kwa mwezi, na hataajiri mtu wa kuziba nafasi yangu mpaka aone mambo yanavyokwenda. Hilo la mwisho lizingatieni kwa sababu ndo limeendesha kila kitu kilichofuata.

Malengo niliyoandika kwenye daftari: ifike usiku mmoja mzima ambao sijaingiza mkono kwenye unga na kazi imetoka. Mikate ya rejekti (iliyoharibika, haiuziki) na ile inayorudishwa na maduka ipungue. Na mtu yeyote asiache kazi kwa sababu yangu.

22 Januari: kushika mikisa na zamu kwa pamoja (imeshindikana)

Nilianza kwa kufanya vyote viwili. Nakanda, donge likiwa linazunguka nazungukia meza na oveni, narudi. Kwenye karatasi inaonekana inawezekana kwa sababu donge linazunguka dakika 12 mpaka 15 na zile dakika unaona ni za bure.

Haziko za bure. Ukiwa mbali na mikisa akili inabaki kwenye mikisa, na ukiwa kwenye mikisa mtu akija kukuuliza kitu unamjibu bila kumwangalia. Usiku mmoja kuna oda ya skonzi ya shule ilikuwa lazima itoke mapema, mama wa kupaki alinifuata akasema mifuko midogo imeisha, nikamwambia sawa nakuja, nikatia hamira nikasubiri donge likamate, nikasahau. Ufunguo wa stoo uko mfukoni kwangu. Saa 10 alfajiri skonzi zote ziko kwenye trei hazina mfuko, gari liko nje linanguruma. Shule ilipokea ikiwa imechelewa na tukapunguza bei.

Nilichobadilisha siku ile ile ni kidogo sana: ufunguo wa stoo nikauacha kwa mama wa kupaki, kwa daftari la kusaini, kwa sababu yeye ndo anayejua mifuko inaisha lini. Hiyo imefanya kazi mpaka leo. Ila tatizo lenyewe lilikuwa mikisa, na nikajua lazima nitoke pale moja kwa moja, hata kama dogo bado.

9 Februari: kumwachia dogo mikisa

Hapa nitakaa sana.

Dogo amekaa pembeni yangu karibu mwaka mzima, anapima unga, anamimina maji, anajua mpangilio wote. Kwa hiyo nikamwambia leo unashika mwenyewe. Bechi ya kwanza freshi. Ya pili na ya tatu donge likatoka laini mno, linanata mezani, likaumuka haraka kupita kiasi, kufika oveni mkate umepanda umeshuka katikati, una shimo kama sahani. Bechi mbili zikaenda kwenye rejekti. Ukijumlisha unga, sukari, mafuta, hamira na umeme bechi moja haipungui laki, na hapo hujahesabu mauzo uliyokosa.

Nikamuuliza umeweka maji kiasi gani, lita 30. Sahihi. Hamira, pakiti moja ya gramu 500. Sahihi. Chumvi kilo moja. Sahihi. Alifanya kila kitu nilichomfundisha. Shida ni kwamba nilichokuwa nafanya mimi sikuwahi kumfundisha kwa sababu hata mwenyewe nilikuwa siijui kwa maneno: nilikuwa nagusa maji, nagusa unga kwenye mfuko, nasikia joto la chumba, halafu naamua niongeze barafu kiasi gani. Mkono ulikuwa unajua, na mkono huwezi kumpa mtu mwingine.

Ikabidi niutoe ule ujuzi mkononi niuweke kwenye namba. Kwa wenzangu wa bekari, hesabu yenyewe ni hii, ni ya siku zote kwenye kazi ya mikate duniani, sisi tu tulikuwa hatuitumii:

Chagua joto unalotaka donge liwe nalo likitoka kwenye mikisa. Sisi tunataka nyuzi 27. Zidisha mara 3, unapata 81. Toa joto la chumba, toa joto la unga, toa joto ambalo mashine yenyewe inaliongeza kwa msuguano. Kinachobaki ndo joto la maji.

Msuguano unaupata kwa kukanda bechi moja ya kawaida na kupima: joto la donge mara 3, toa chumba, unga na maji uliyotumia. Mikisa yetu imetoka 12. Usiku wa Februari chumba 30, unga 30, kwa hiyo 81 toa 72, maji yanatakiwa nyuzi 9. Maji ya tenki yetu yapo 28. Ndo ukaona kwa nini donge la dogo lilikuwa linachemka, alikuwa anatia maji ya bomba na vipande viwili vya barafu kwa kukadiria kama alivyoniona.

Barafu nayo ina hesabu: kilo za maji, zidisha kwa tofauti ya joto la bomba na joto unalotaka, gawa kwa joto la bomba jumlisha 80. Yaani 30 mara 19, gawa kwa 108, kilo 5 na robo za barafu, na hizo unazipunguza kwenye zile lita 30 za maji, usiziongeze juu yake (hapa dogo alikosea mara ya kwanza, na ni kosa ambalo kila mtu atalifanya usipolisema mapema).

Gharama: themomita ya kuchoma kwenye donge 35,000, nimetoa mwenyewe nikarudishiwa. Friji la barafu la mtumba 380,000, bosi alikataa kwanza, nikamwandikia bechi zilizoharibika kwa mwezi na thamani yake, akatoa hela wiki ile ile. Kwa hiyo somo dogo hapo, bosi wetu hasikii "joto linatusumbua", anasikia laki ngapi imemwagika.

Kadi ya hesabu nimeilaminishia ukutani juu ya mikisa, ina jedwali tayari, dogo anasoma joto la chumba na la unga, anaangalia mstari, anapata kilo za barafu. Hata mtu wa mezani akikaa pale anaweza.

19 Februari: jinsi ya kufundisha (nyongeza fupi)

Kuna utaratibu wa kufundisha kazi uliotengenezwa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vilipolazimika kuingiza watu wengi ambao hawajawahi kushika mashine, na baada ya vita ukaenda Japani ukashika mizizi huko. Hatua zake ni nne: mwandae mtu, muoneshe kazi huku ukieleza kila kipengele na sababu yake, mwache afanye huku yeye ndo anakueleza wewe, halafu mwachie na upite kumwangalia, mara nyingi mwanzoni, baadaye kwa nadra.

Sisi tulikuwa tunafanya ya pili tu, tena bila sababu. Ile ya tatu, kwamba mwanafunzi ndo anaeleza, ndo imenisaidia kuliko zote. Nikimsikiliza dogo anavyoeleza nasikia palipo na shimo. Aliniambia "hapa nasubiri mpaka donge liwe laini", nikamuuliza laini vipi, akanyamaza. Basi tukasimama tukavuta kipande, tukakitanua mpaka kikawa chembamba mwanga unapita bila kuchanika, nikamwambia hiyo ndo laini. Dakika tatu.

4 Machi: mzee wa oveni

Mzee wa oveni amenizidi umri sana, alikuwepo bekari kabla sijamaliza shule, na nilipoingia ndo alinipokea. Kila usiku namwamkia shikamoo, anaitika marahaba mwanangu. Sasa huyu unamwambiaje kwamba mkate wa bechi ya tano umeungua chini?

Nilijaribu kwanza kwa njia ya kikao. Kabla ya zamu nikawakusanya watu wote, nikasema kwa ujumla "jamani oveni tuwe makini, mikate mingine inaungua", sikumtaja mtu. Lakini oveni kuna watu wawili tu na mmoja ni kijana wake, kila mtu alijua nani anasemwa. Hakujibu kitu. Usiku ule alifanya kazi kimya, akifuata saa kama ilivyoandikwa, dakika 35 kamili kila bechi hata pale alipoona mkate umeiva mapema. Rejekti ziliongezeka. Hiyo njia msiitumie kwa mtu mzima, kumsema mzee mbele ya watoto ni kumvua nguo, hata ukizungusha maneno.

Baada ya siku kadhaa nilimfuata mapema, kabla hata watu hawajafika, amekaa nje anakunywa chai. Nikakaa. Nikamwambia mzee wangu nimekuja kuomba, mimi nimetoka mikisa, oveni siijui, naomba unieleze usiku wako unavyokwenda tangu bechi ya kwanza. Akaanza kueleza, na kwa kweli sikutegemea nilichokisikia.

Alisema tatizo haliko oveni. Oveni yetu inachukua bechi moja kwa wakati, na ukihesabu kuingiza na kutoa ni kama dakika 40. Mikisa inakanda bechi moja kila dakika 25. Kwa hiyo watu wa mikisa wanamaliza bechi zote 8 kabla ya saa 6 usiku, wanakaa, na madonge yanapanga foleni kwenye joto yanaumuka kupita. Akifika bechi ya tano anapokea mkate ambao umeshazidi, anaongeza moto ili uwahi kushika usianguke, ndo unaungua chini. Amekuwa akiliona hilo miaka yote, na alishawahi kumwambia supavaiza aliyepita, hakuna kilichofanyika.

Na hao watu wa mikisa waliokuwa wanamaliza mapema na kujisifu ni sisi. Mimi nilipokuwa pale nilikuwa naona kuwahi kumaliza ndo kazi nzuri, na kwa kituo changu ilikuwa kweli. Kwa zamu nzima ilikuwa inaharibu.

Tukapanga upya, yeye ndo kapanga, mimi nimeandika. Mikisa inakanda kila dakika 40 kwa kufuata oveni. Bechi ya kwanza saa 2:15, ya mwisho saa 6:55. Halafu kuna jambo lingine alilosema pale pale: skonzi zilikuwa zinatangulia kwa sababu ni rahisi, mkate unafuata, matokeo yake mkate wa mwisho unatoka oveni umechelewa na unakatwa slesi ukiwa wa moto. Mkate wa moto ukipakiwa unatoa jasho ndani ya mfuko, keshokutwa yake una ukungu, duka linarudisha. Skonzi hazikatwi. Kwa hiyo sasa bechi 6 za mkate zinatangulia na bechi 2 za skonzi zinamaliza. Mkate wa mwisho unatoka kama saa 7:40 usiku, unapoa zaidi ya lisaa na nusu kwenye rafu ndo unaingia kwenye mashine ya slesi.

Gharama ya badiliko hili ni karatasi na kalamu. Mikate inayorudishwa kwa ukungu imeshuka kuliko kitu kingine chochote nilichofanya tangu Januari.

Kikaoni nilisema mbele ya wote kwamba ratiba hii ni ya mzee. Na hata sasa jambo la oveni nikiwa nalo naenda mwenyewe, kabla ya zamu, nikiwa nimekaa, sio nimesimama.

18 Machi: mfungo na ratiba

Ramadhani imeanza wiki iliyopita na mwaka huu Pasaka imeangukia humo humo ndani, tarehe 31. Nusu ya zamu wanafunga. Wanaotaka kuswali tarawehe hawawezi kuwa kazini saa 2.

Tumefanya hivi: wasiofunga wanaingia saa 2, wanaanza mikisa na meza. Wanaoswali wanaingia saa 3 na kutoka mwisho, na hao ndo wanapakia magari. Kwa kubadilishana, Ijumaa Kuu na usiku wa kuamkia Pasaka waliofunga watashika nafasi za mwanzo, na Idi wale wengine watawalipa. Walikubaliana wenyewe, mimi nilikuwa na kalamu tu.

Kilichoshindikana ni mapumziko. Waliofunga waliomba mapumziko yote yawe saa 10 alfajiri ili wale daku kwa utulivu, nikakubali, niliona ni utu. Kumbe mtu aliyeingia saa 2 anakuwa amekwenda masaa 8 mfululizo. Usiku wa pili kijana wa mezani akajikata kidole na kile kisu cha kukatia donge, sio sana, lakini ni uchovu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mtu akifanya kazi zaidi ya masaa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60, na sasa naelewa waliweka 5 kwa sababu gani. Tumerudisha mapumziko makubwa katikati ya zamu, na dakika 20 za daku saa 10. Zile dakika 20 tumezipata kwa kupunguza muda wa usafi wa mwisho, zamu ya asubuhi imekubali kumalizia sakafu.

15 Aprili: hela ya usiku

Dada mmoja wa kupaki aliniuliza kama kuna posho ya usiku. Zamani ningesema muulize bosi. Sasa mimi ndo naulizwa, nikakaa na ile sheria na kikokotoo.

Kazi ya usiku kisheria ni kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Masaa ya kawaida kwa wiki hayazidi 45. Zamu yetu ni masaa 8 halisi mara usiku 6, ni 48. Kwa hiyo kila mtu alikuwa anafanya ovataimu ya masaa 3 kila wiki bila mtu kujua, na ovataimu ni mara moja na nusu.

Mfano wa mshahara wa 300,000: gawa kwa 4.333, gawa kwa 45, unapata kama 1,538 kwa saa. Asilimia 5 ni 77 kwa saa. Inaonekana ndogo lakini kwa mwezi mzima inakaribia 16,000, ni nauli ya mtu.

Nilikwenda kwa bosi na karatasi. Sitaficha kwamba niliogopa, nina miezi mitatu kwenye nafasi na naenda kumwongezea gharama. Nilimpelekea na suluhisho: kwa kuwa ratiba mpya inamaliza kazi mapema, zamu iishe saa 10:30 badala ya 11, hapo ni masaa 7 na nusu, mara 6 ni 45, ovataimu inaondoka. Posho ya usiku ilipwe. Amekubali kuanzia mwezi huu. Ya nyuma tumeongea, haijafungwa, nitaandika ikifungwa.

Jambo jingine la sheria ile ile ambalo supavaiza wa usiku lazima alijue: mjamzito akibakiza miezi 2 kujifungua hapangwi usiku. Tuna mmoja, tumeshapanga na zamu ya mchana tangu sasa.

29 Aprili: rafiki

Hili sijalimaliza na naliandika hivyo hivyo.

Kwenye zamu kuna rafiki yangu wa karibu, tumeanza kazi mwaka mmoja, tumekula sahani moja. Zamani mmoja akichelewa mwenzake alikuwa anamsainia kwenye daftari. Wote tulikuwa tunafanya. Mwezi huu akanipigia saa 1 jioni, "kaka nipitishie leo, nafika saa 4". Mezani kuna watu watatu, akikosekana mmoja wawili wanabeba mizigo yake masaa mawili, na wao wanajua daftari liko kwa nani.

Nikamwambia sitasaini, lakini atafute wa kubadilishana naye au aseme amechelewa tuandike amechelewa. Akakata simu. Alipofika nilimwita pembeni, nikamwonya kwa mdomo, na nikaandika tarehe, kwa sababu kanuni za 2007 za utendaji bora zinataka hatua zipande kwa ngazi, huwezi kuanza na barua. Aliniambia "cheo kimekubadilisha". Inauma mpaka leo.

Nilijaribu kumtumia mtu wa kati, mzee wa oveni, akaniambia niache muda upite kwanza. Kazi anafanya vizuri, hajachelewa tena. Kula pamoja hatuli.

Nilichoweka ni utaratibu wa wote: ubao wa kubadilishana zamu, unaandika jina lako na la anayekushikia kabla ya saa 10 jioni, mkisaini wote wawili hakuna swali lolote kutoka kwangu. Ungekuwepo siku ile asingehitaji kunipigia. Wewe unayechukua nafasi ya supavaiza, weka huu ubao wiki ya kwanza, kabla rafiki hajapiga simu.

7 Mei: masika na Hidaya

Aprili nzima mvua, barabara ya Jangwani imefungwa mara kwa mara, halafu mwanzoni mwa mwezi huu kimbunga Hidaya kikatangazwa. Usiku mbaya kuliko wote walifika watano. Hapo nilirudi mikisa, na naona ilikuwa sawa kwa sababu hakukuwa na wa kumsimamia. Tulitoa bechi 3 za mkate tu, skonzi tukaacha kabisa, na maduka nikayapigia kabla ya saa 4 usiku kuwaambia watapata kiasi gani. Hakuna duka lililolalamika.

Nauli za bajaji za kuwarudisha watu 48,000, bosi kalipa. Simu za watu wote na mtaa anaokaa kila mtu sasa ziko kwenye karatasi mlangoni, ili tujue nani yuko ng'ambo ya maji.

10 Juni: usiku bila mimi

Kabla ya kuondoka nilipanga sehemu kwa ile S tano wanayoitumia kwenye hospitali zetu nyingi: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Dada yangu muuguzi ndo kanielekeza, wodini kwao wanaijua wote. Sasambua peke yake ilitoa makopo yaliyopinda gunia mbili, na ndo yalikuwa yanatoa mikate yenye kona mbovu.

Halafu nikachukua mapumziko ya kweli, nikalala nyumbani, mzee wa oveni nimemwachia namba ya simu ya bosi na ya fundi jenereta. Umeme ulikatika saa 7 usiku. Walifanya hivi: dogo alisimamisha kukanda kwanza kabla hata ya jenereta kuwaka, kwa sababu aliona oveni itachelewa, na donge lililokuwa limeshaiva akalitia kwenye friji la barafu kwa mafungu. Hilo mimi sijamfundisha. Bechi zote 8 zilitoka, rejekti 11. Mama wa kupaki aliandika kila kitu kwenye daftari kwa mwandiko wake, saa kwa saa.

28 Juni: hesabu mpaka sasa

Vilivyonunuliwa: themomita 35,000, friji 380,000, laminesheni na ubao 22,000. Bajaji za masika 48,000. Bechi zilizoharibika wakati dogo anajifunza ni nne kwa jumla, zipatazo laki nne na zaidi. Posho ya usiku sasa ni gharama ya kudumu na ndo inavyotakiwa iwe.

Rejekti Januari zilikuwa wastani wa 40 kwa usiku, Juni ziko kati ya 10 na 15. Hakuna aliyeacha kazi.

Bosi amekubali kuajiri mtu wa pili wa mikisa, anaanza Jumatatu. Dogo ndo atamfundisha, mimi sitasimama pale. Ameniomba kadi ya hesabu iandikwe upya kwa sababu Julai chumba kinashuka mpaka 25 usiku na jedwali langu linaanzia 28, kwa hiyo tunapima msuguano tena wikiendi hii, yeye na mimi, na safari hii yeye ndo anashika kalamu.